Spika Nyuma ya Shuka

Fundi alianza kwa kugonga. Hakuuliza bei, hakuuliza zimetoka wapi, hata waya hakuchomeka. Alikunja kidole cha kati, akaligonga kasha ubavuni kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyojua kama ina wenyewe, kisha akatega sikio. Kasha likajibu “tk,” basi. Akainuka, akaenda kwenye sabufa moja iliyokuwa pembeni ikisubiri transfoma, akaigonga vilevile. “Bommm.” Akanigeukia.

“Umesikia, kaka? Hii inaimba kabla haijawashwa. Ile imenyamaza. Anayetengeneza spika, kazi yake ya kwanza ni kuinyamazisha mbao.”

Tulikuwa Lupepo, wilayani Rungwe, ndani ya kibanda ambacho nusu yake ni karakana na nusu yake ni makaburi ya spika. Mjomba wangu alikuwa amekalia kreti la soda, koti la mvua bado mwilini. Ni mkulima wa chai, lakini miaka hii parachichi ndizo zinazomtoa, na msimu ule zilimtoa vizuri. Basi mstaafu mmoja wa Mbeya, rafiki yake wa siku nyingi, alipotangaza kuuza spika mbili alizorudi nazo kutoka Uingereza zamani, mjomba hakucheka alipotajiwa bei: shilingi milioni 4. Alicheka siku alipoziona. Kila moja ina kimo cha sentimita 30 na kidogo, upana 19, kina 16. Akapewa siku mbili za kuzijaribu, tukazifunga kwa blanketi, tukapanda bodaboda kutoka Tukuyu, na njia nzima alikuwa akirudia neno lile lile sikioni mwangu: “Mjomba, milioni 4 kwa kitu kinachoenea kwenye kapu la ndizi?”

Mimi nilikuwa nimeshaona kibandiko cha nyuma, LS3/5A, na nilikuwa nimeshasisimka. Kiboksi kile kina historia.

Kilizaliwa BBC, mwanzoni mwa miaka ya 1970, si kwa ajili ya matajiri bali kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Ndani ya gari hakuna nafasi. Fundi mitambo amekaa spika ikiwa karibu na pua yake, na lazima ajue papo hapo kama sauti ya mtangazaji inafika ilivyo au imeingia doa. Wahandisi wa idara ya utafiti, Harwood na wenzake Whatton na Mills, walieleza kazi yao katika ripoti ya mwaka 1976, na ukiisoma unaona watu waliohangaika na vitu ambavyo mnunuzi hatavitazama maisha yake yote. Kasha ni plaiwudi ya milimita 12 tu. Wengi wetu tungedhani mbao nene ndiyo bora. Wao waliona kwamba ubao mnene ukitikisika hulia huko kwenye sauti za katikati, na huko ndiko anakoishi binadamu anapoongea. Ubao mwembamba hulia chini zaidi, na ukiupaka lami kwa ndani, mlio wake hufa kabla sikio halijauwahi. Hata vijiti vinavyoshika pembe za ndani viliandikiwa aina ya mbao, mbao ngumu, siyo yoyote iliyopo stoo. Kuzunguka twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, wakabandika kitambaa kizito cha sufu, ili sauti isigonge kingo za kasha na kurudi ikiwa imechelewa.

Halafu wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo roho ya kazi nzima. Walitaka spika iliyotoka kiwandani leo ifanane na iliyotoka mwaka jana, ili moja ikiharibika ibadilishwe bila mtangazaji kubadilika sauti. Viwanda vilivyopewa leseni, Rogers, Spendor, Harbeth na vingine, vililazimika kuchambua vipuri kimoja kimoja, hiki na kile, mpaka viwiane.

Nilimweleza fundi hayo. Alinyamaza kidogo, akachukua rula akaiweka chini. “Hapo ndipo mimi nashindwa,” akasema. “Nikisuka spika mbili siku moja, kwa mkono huu huu na gundi hii hii, hazifanani. Moja inakuwa kaka, nyingine inakuwa mdogo.”

Alisema kinyonge kupita haki yake. Mezani kulikuwa na spika ya inchi 15 ya kanisa, iliyoungua katika mkesha ambao watu walipandisha sauti mpaka mwisho wakaiacha huko hadi alfajiri. Harufu ya vanishi iliyoungua bado ilikuwapo. Nilimwangalia akiifufua kwa saa nzima na ushee, na nakiri kwamba zile spika za milioni 4 nilizisahau.

Koili ya zamani alishaitoa. Alichukua utepe wa karatasi wenye gundi, akaukunja gundi ikiwa nje, akaupenyeza kwenye mwanya wa sumaku, akauzungusha polepole na kuutoa. Ulitoka umebeba unga mweusi, chembe za chuma ambazo sumaku haiziachii kwa kupulizwa. Akatupa, akakata mwingine. Mara saba nilihesabu, mpaka utepe ukatoka mweupe. Kisha akaleta koili mpya aliyoisuka mwenyewe kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko imelala ubavu kwa ubavu kama majani ya chai kwenye kiganja cha mchumaji hodari, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Akaipima kwa mita: 6.2. Akatikisa kichwa kukubali.

Sasa kazi ikawa kuisimamisha koili katikati ya mwanya ambao, kila upande, nafasi yake haifiki nusu milimita. Ikigusa tu, spika itakwaruza mpaka mwisho wa dunia. Akafungua bahasha, akatoa filamu ya eksirei ya hospitali, kuukuu, akaikata vipande vyembamba, akavipachika kuzunguka koili kama kabari. Niliinama nikaona mbavu za mtu fulani, nyeupe kwenye nyeusi, zimeishika koili isiyumbe. Ndipo ikaja gundi, duara moja lisilokatika, na kopo la rangi juu yake kuwa uzito. “Dar es Salaam hii ingekauka kesho asubuhi,” akasema. “Hapa kwetu kwa ukungu huu, keshokutwa. Ukiwa na haraka, unavuta filamu kabla ya wakati, koili inalala upande, unaanza upya.” Siku ya kuvuta, ataikandamiza koni kwa vidole vinne vilivyoachana sawasawa, sikio likiwa karibu, na kitu pekee anachotaka kusikia ni kutosikia kitu.

Kinachofanya kazi katika spika ile ya kanisa, katika kile kiboksi cha BBC, na katika spika ghali kuliko zote duniani ni kilekile. Koili ndani ya mwanya wa sumaku, imeshikana na koni, umeme unaivuta na kuisukuma, koni inasukuma hewa. Rice na Kellogg, wahandisi wa General Electric huko Marekani, walichapisha muundo huo mwaka 1925. Miaka 100 imepita na hakuna aliyeung’oa. Bei yote inayoongezeka juu ya hapo inakwenda kupigana na mambo machache: koni isijikunje inapokimbia, kasha lisiimbe, sauti nyembamba na sauti nzito zigawanywe bila kovu, na ile hewa inayosukumwa nyuma ya koni ife mahali.

Hilo la mwisho watu hulisahau. Koni ikisukuma hewa mbele, inasukuma kiasi kilekile nyuma, ndani ya kasha, na hiyo ya nyuma hugonga ukuta ikarudi kupitia koni yenyewe ikiwa imechelewa. Mwaka 1993 kampuni ya Bowers & Wilkins ya Uingereza ilitoa spika iitwayo Nautilus. Ukiiona utadhani konokono mkubwa kasimama wima, kapambwa pembe. Si urembo. Nyuma ya kila koni kuna mrija unaokonda taratibu mpaka ncha, umejazwa nyuzi za kufyonza sauti. Wa besi ukawa mrefu mno, ikabidi ujikunje, ndilo lile kombe. Sauti ya nyuma inaingia humo haitoki. Kila spika inadai njia nne za amplifaya peke yake, jozi njia nane. Mwenye kuinunua ananunua pia tatizo la umeme.

Na juu zaidi, kwenye kilele, kuna vitu kama WAMM Master Chronosonic ya David Wilson wa Utah, iliyotoka mwaka 2017, mwaka mmoja kabla hajafariki. Jozi 70 tu, kila jozi dola 685,000. Kwa shilingi za mwaka ule ni zaidi ya bilioni 1.5. Mjomba alipoisikia hiyo alivua kofia, akaipangusa, akairudisha.

Je, zinastahili? Swali hilo huwa naliona ni mawili yaliyovaa nguo moja. Kuna thamani ya mkono na kuna thamani ya sikio. Mlango wa nakshi wa Zanzibar haufungi vizuri kuliko mlango wa mninga wa seremala wa Tukuyu. Lakini hakuna mwenye akili anayesimama mbele ya mlango ule akasema fundi kaibia watu. Aliyechonga kachonga. Spika za Wilson au za Bowers & Wilkins ukizikagua kwa karibu, maungio, rangi, namna kasha linavyojibu “tk” kila unapoligonga, unaona mkono uliovumilia. Mwenye pesa zake akilipia hilo, mimi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayeuza mkono akiuita sikio.

Maana sikio lina aibu zake. Floyd Toole, aliyefanya utafiti Kanada kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kampuni ya Harman huko Marekani, aliyafanya maisha yake kuwa kazi ya kutundika pazia. Wasikilizaji wanakaa, spika ziko nyuma ya kitambaa cheusi, wanatoa alama. Harman walijenga hata chumba chenye mashine inayobadilisha spika kwa sekunde chache, kila moja ikae palepale ilipokaa mwenzake, kwa kuwa kuisogeza spika mita moja tu kunaweza kubadilisha sauti kuliko kubadilisha spika yenyewe. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive waliwapa watu 40, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, spika nne wazipime mara mbili: wakiziona, na bila kuziona. Walipoziona, kubwa na za gharama ziliruka juu, na kamfumo kadogo ka plastiki ka bei nafuu kakaporomoka. Pazia liliposhuka, tofauti zikapungua, na kale ka plastiki kakainuka. Hao ni watu waliokuwa wakijua wanajaribiwa, na kazi yao ilikuwa spika.

Fundi wa Lupepo hamjui Toole. Lakini alipomaliza na gundi, aliosha mikono, akavuta kamba kutoka nguzo hii hadi ile, akatundika shuka la maua mbele ya meza. Nilipomuuliza aliyemfundisha, akacheka. Kumbe mteja mmoja aliwahi kuikataa spika aliyoitengeneza. Koni ya zamani ilikuwa nyeupe, mpya nyeusi, na mteja akaapa kwamba sauti imekuwa nzito, imekuwa ya gizani. Fundi akasema sawa, njoo kesho. Hakugusa kitu. Alichofanya ni kufunika uso wa spika kwa kitambaa chembamba. Mteja akaja, akasikiliza, akafurahi, akaongeza na elfu mbili ya soda.

Nyuma ya shuka aliweka spika tatu: kile kiboksi kimoja cha mstaafu, sabufa ya dukani ya laki mbili kasoro, na boksi kubwa alilolitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kukodisha misibani. Moja moja, kwa sababu, alisema, spika mbili zikiongea pamoja zinafichiana makosa. (Toole alifika kwenye jambo hilo hilo: spika moja pekee husema ukweli zaidi.) Kisha akachukua simu, akafungua programu ya kupima kelele, akaiweka juu ya kreti mahali pa kichwa cha mjomba, akazisawazisha mpaka zote zikasoma namba moja. Hapo alinikosha. Maduka mengi ya spika yanauza kwa hila hiyo moja: ya ghali inapigwa kwa sauti ya juu kidogo, na binadamu sauti iliyo juu kidogo huiita nzuri.

Tukaanza na kwaya. Mjomba, aliyelelewa kwenye Umoraviani na matarumbeta tangu utotoni, akafumba macho. Mara tatu, kisha tena kwa mpangilio mwingine. Mara zote mbili aliichagua ileile. Ilikuwa boksi la fundi. “Hii ina kifua,” akasema. Na ni kweli; kiboksi cha BBC hakina besi ya chini ya kutisha, udogo wake haukiruhusu, na hakuna lami wala mbao ngumu inayoweza kuidanganya hewa. Tena ni kivivu. Kwa wati moja, umbali wa mita moja, kinatoa takriban desibeli 83. Maboksi ya ukumbini hufika 98. Pengo hilo la 15 maana yake kinahitaji nguvu mara 30 na zaidi kufikia kelele ileile, na kabla hakijafika kitakuwa kimeshaungua. Kipeleke kwenye msiba wa Kinyakyusa, watu wametanda mpaka barabarani, hata mstari wa pili hautasikia.

“Mzee,” fundi akamwambia, “unataka kusikia au unataka kusikika?”

Mjomba hakujibu. Mvua ilimsaidia. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na baadhi ya hizo ziliamua kushuka wakati ule, juu ya bati, kwa pamoja. Fundi alizima amplifaya bila kusema neno. Hapakuwa na maana. Tukakaa. Mkewe akaleta chai ya maziwa kwenye birika. Nilijikuta nawaza ile jozi ya bilioni moja na nusu ikiwa imesimama pale kati yetu, bubu kama jiwe la kusagia.

Ilipopungua kidogo, fundi akauliza, “Sebuleni kwako umeweka dari?”

“Bado.”

“Sakafu?”

“Saruji.”

“Pazia? Zulia?”

Mjomba akaangalia chai yake. Fundi akapiga kofi moja, kali, na ndani ya kibanda kile cha bati kofi lilirudi likiwa na meno. Akashusha magunia mawili yaliyokuwa juu ya rafu, akayatundika ukutani nyuma yetu na kando, akapiga tena. Lilirudi limevaa soksi. “Chumba ni nusu ya spika,” akasema. “Ukinunua hizi ukazipeleka kwenye bati tupu na saruji, umenunua milioni 4 ukasikiliza laki mbili. Weka dari kwanza. Dari hata bila spika utaifaidi, mvua hiyo unaisikia.”

Nilidhani shauri limeisha. Mjomba ndiye aliyekataa. Alisema amesikia kwaya, lakini kwaya haijui. Hajui walivyoimba siku ile. Anataka kusikia kitu anachokijua.

Fundi akaangalia nje, akaita. Baba yake anakaa nyumba ya pili, mzee wa kanisa, mtu ambaye kwa miaka mingi amesoma matangazo ya Jumapili, na mjomba anamfahamu tangu ujana. Akaja na mwavuli, akasalimia, akapewa kikombe. Kumbe fundi ana sauti yake kwenye flashi, dakika nne za matangazo, alizozirekodi kwa maiki ya kanisa katikati ya migomba, mbali na kuta zote, ili mwangwi usiingie. Hiyo ndiyo anayopimia kazi yake kila akimaliza kusuka. Sikumwambia kwamba BBC nao walipima hivyohivyo: mtu mnayemjua anaongea upande mmoja wa ukuta, spika inamrudia upande wa pili, na unauliza kama ni yeye.

Mzee akaenda nyuma ya shuka, akasoma tangazo la kuchangia mabati. Kimya. Ikaja sabufa: mzee alikuwa amemeza pipa. Likaja boksi kubwa: mzee alikuwa kwenye uwanja wa mpira, hodari, mkubwa, ila si mwenye umri wake. Mjomba alikuwa ameinama, viwiko magotini. Mvua ilikuwa imebaki matone ya mapaa tu.

Sauti ya mwisho ikaanza, matangazo yaleyale ya mabati, ulimi wa mzee ukigusa meno kwenye kila “s”, pumzi ikivutwa kabla ya jina la kila jumuiya. Katikati akakohoa, kikohozi cha mtu wa baridi, kifupi, cha kuomba radhi.

“Pole, tata,” mjomba akasema, uso umeelekea kwenye shuka.

“Ndaga fijo,” mzee akajibu kutoka mlangoni, nyuma yetu, kikombe mkononi. “Lakini mimi nipo huku.”